Siku Niliyozima Injini Mbele ya Jeneza

Sikusoma sana. Niliacha shule darasa la tatu, na niliyoyajua baadaye nilifundishwa na vyuma. Lori langu la kwanza nililinunua likiwa limelala juu ya mawe, halina tairi hata moja, nikalifufua mwenyewe. Hili la sasa ni la tatu, na naona ndilo la mwisho. Nayasema haya mapema ili anayesoma asidhani namweleza habari za mtu aliyerithi kitu.

Tangu ujana nimebeba mizigo katika njia za huku kwetu. Tumbaku kutoka Ulyankulu na Urambo, mpunga, mbao, asali kwenye madumu. Babu yake baba yangu alizipita njia hizi kwa miguu akiwa na jino la tembo begani, akienda pwani na kurudi. Mimi nimezipita kwa dizeli. Tofauti yetu ni kwamba yeye alipochoka alitua mzigo. Mimi nikichoka mzigo unaendelea kwenda, na mimi juu yake.

Nimechoka kweli. Mgongo wangu una maumivu yanayoanzia kiunoni na kushuka mguu wa kulia, ule wa mafuta. Ukikanyaga miaka arobaini, mguu nao unadai.

Binti yangu ni fundi. Yeye alisoma, alikwenda chuo cha ufundi, akarudi na cheti na ovaroli ya bluu. Watu wa Chemchem tunakokaa walicheka mwanzoni. Siku hizi wanamletea magari yao wakiwa wamenyamaza. Ana watoto wawili, ana mikono mizito kama yangu, na akisema jambo la injini halirudii mara tatu.

Mwaka jana pistoni ya nne ilitoboka. Tulipofungua silinda hedi tukaikuta ina tundu la kuingiza kidole, kingo zake zimelegea kama nta ya mshumaa. Mimi nilikuwa nabisha. Nilimwambia geji ya maji haikupanda hata siku moja, rejeta ilikuwa imejaa, sasa injini imeungua kwa moto upi?

Akaniambia, "Baba, maji ni nje. Moto uko ndani. Maji yanaweza kuwa mazuri kabisa huku moshi unaotoka kwenye silinda unayeyusha aluminiamu."

"Nani kakwambia?"

"Pistoni yako ndiyo inakwambia. Ishike."

Nikaishika. Nilijua kilichofanyika, ila sikumwambia siku ile. Nilikuwa nimempa fundi mmoja wa barabarani afungue pampu, aongeze dizeli, ili lori lipande na marobota mengi ya tumbaku. Likapata nguvu. Likatoa na moshi mweusi, nami nikaufurahia moshi ule, nikauona ni nguvu inayoonekana kwa macho. Kumbe ni dizeli inayokosa hewa, inaungulia njiani, inaipika tabo na kila kilicho karibu yake.

Kwa asiyejua, tabo ni feni mbili zilizofungwa kwenye mhimili mmoja. Moja inasukumwa na moshi wa moto unaotoka kwenye injini, ya pili inasukuma hewa kuingia. Huo mhimili unazunguka kwa kasi ambayo mtu hawezi kuihesabu, na kinachouokoa ni oili tu, oili inayopita pale wakati wote injini inanguruma. Ukizima, oili inasimama. Kama chuma bado ni chekundu, ile oili iliyobaki inaungua papo hapo inakuwa masizi. Ndiyo maana dereva mwenye akili, akitoka kwenye kazi nzito, anaiacha injini ingurume taratibu dakika kadhaa ndipo anazima. Jambo hili nilifundishwa na mzee aliyenifundisha gari, na mimi nimewafundisha madereva wengi wa Tabora. Nimewatukana wengi kwa kuzima haraka. Kumbukeni hilo.

Binti aliifunga injini upya. Akarudisha pampu kwenye kipimo chake. Kisha akafanya jambo lililoniuma: akaitoa manifodi yangu, lile bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, akaitoboa. Akatumbukiza humo kijiti cha chuma chenye waya, waya ukaja mpaka kwenye dashibodi, na pale akafunga geji ndogo ya duara.

"Hii inapima moshi kabla haujafika kwenye tabo," akasema. "Ningeifunga nyuma ya tabo ingekudanganya, ingesoma chini kwa mia na zaidi. Sasa sikiliza. Ukiwa na mzigo, nyuzi mia nne, mia tano, twende. Mia sita, fungua macho. Mia sita na hamsini, punguza mguu au rudisha gia. Mia saba unaunguza mali. Na usizime mpaka ishuke chini ya mia mbili."

Nikamwambia, "Mimi geji yangu ni nyayo. Nasikia injini kwa unyayo, naijua kwa harufu. Zamani tulikuwa tunatemea mate kwenye manifodi, tunasikiliza yanavyokauka."

"Na pistoni ya nne uliitemea mate?"

Mtoto wa kike huyo. Nilitaka kukasirika nikacheka.

Ndipo tukawekeana sharti. Yeye ndiye aliyelitaja, tukiwa tumesimama uani, lori likiwa kati yetu. Akasema, "Baba, injini hii ikifa mikononi mwako tena, unashuka kwenye kiti. Mimi nitaendesha. Utakaa upande wa pili, au utakaa nyumbani."

"Na isipokufa?"

"Msimu ukiisha salama, geji naing'oa mwenyewe, na sikusemeshi tena."

Nikakubali. Nilikubali kwa kiburi, kama mtu anayekubali kushindana na mtoto mbio. Lakini usiku ule sikulala vizuri. Kushuka kwenye kiti, kwangu mimi, siyo kupumzika. Bila usukani mimi ni mzee mmoja wa Chemchem mwenye mgongo mbovu, anayeamkiwa shikamoo na watoto wasiomjua.

Msimu ukaenda. Mwezi wa kwanza, wa pili. Nilikuwa naliendesha peke yangu mara nyingi, yeye akiwa na kazi zake gereji. Mshale ule wa geji nikauzoea, nikawa nauangalia kwa jicho la pembeni kama mtu anayemwangalia jirani asiyemsalimia. Nilipokuwa na mzigo ulipanda mia tano na kitu. Nilipofika kwenye magodauni ulikuwa mia tatu, mia tatu na nusu. Hapo ndipo kilipo kisa, na nitakirudia.

Siku yenyewe ilikuwa ya kiangazi, vumbi jekundu, mbele huoni. Tulikuwa tunatoka Ulyankulu na marobota ya tumbaku, turubai limefungwa. Binti alikuwa amekuja nami kwa sababu siku mbili zile nilimwambia lori linapiga mluzi kidogo likivuta. Akaja kusikiliza. Alikaa upande wa kushoto, kitambaa cha kufutia oili kwenye mapaja, kichwa kimeinama, hasemi.

Kuna sehemu ambapo barabara inashuka kwenye korongo la mchanga halafu inapanda mpando mrefu wa kokoto. Wenyeji wa njia hiyo tunaujua mpando ule. Zamani, kwenye lori langu la kwanza, niliupanda kwa gia ya nne bila kubadili, na madereva waliokuwa wamekwama walisimama kuniangalia. Tangu siku ile sijawahi kurudisha gia ya tatu pale. Ni ujinga, lakini ni wangu.

Tulipoingia kwenye mchanga injini ikaanza kuzama sauti. Nikakanyaga. Ikawa inaguna, ile sauti ya chini inayotetemesha kiti.

"Rudisha gia," akasema.

"Bado inavuta."

"Haivuti, inaburuta. Baba, injini ikizunguka polepole hewa inakuwa haba, na wewe dizeli unaimwaga tu. Rudisha tatu, hewa iingie, moto utashuka wenyewe."

"Mpando huu nimeupanda kwa nne kabla hujazaliwa."

"Gari lile halikuwa na tabo! Tena lilibeba nusu ya huu mzigo. Mia sita na thelathini, baba."

"Naona."

"Mia sita na sitini."

"Mimi si kipofu."

"Basi ni nini?"

Mguu ulikuwa sakafuni, maumivu yamepanda mpaka kwenye nyonga, na kilele nakiona pale, hatua chache. Mshale ukapita mia sita na sabini, ukapita mia sita na themanini. Nikafika juu kwa gia ya nne. Nikataka kumgeukia binti yangu nimwonyeshe meno.

Na hapohapo juu, mbele ya bampa langu, kulikuwa na msiba.

Watu kama sitini, wengi wao wakulima wa asili ya Burundi waliokaa Ulyankulu miaka mingi, wanatoka kanisani kwenda makaburini kwa miguu. Wanaume sita wamebeba jeneza, katekista mbele na msalaba, akina mama nyuma wanaimba. Barabara nzima ni yao.

Huku kwetu dereva akikutana na jeneza anasimama, anazima, anashuka, anavua kofia. Hata uwe na haraka ya namna gani. Mtu anayeacha gari lake lingurume mbele ya maiti tunamwona hakulelewa. Nimelelewa hivyo na nimewalea wenzangu hivyo. Nikashika breki, na mkono ukaenda kwenye ufunguo.

"Baba usizime! Iache, iache, bado ni mia sita na—"

Nikazima.

Mluzi wa tabo ukaendelea kidogo peke yake, bila injini, ukizunguka bila oili. Kisha ukakatika. Siyo kuisha polepole kama inavyotakiwa, ulikatika. Nadhani ni sisi wawili tu tuliousikia, wengine walikuwa wanaimba.

Tukashuka. Nikavua kofia. Binti akasimama upande wake, mikono nyuma, anatazama chini. Jeneza likapita karibu sana, nikanusa mbao mpya. Kutoka chini ya boneti vyuma vilikuwa vinalia tik, tik, tik, na kila tik ilinichoma.

Mzee mmoja aliyekuwa nyuma ya wabebaji, ana fimbo na koti kubwa kuliko yeye, akasimama kunishika mkono. Ni rika langu, hatukuamkiana shikamoo, tulipeana pole.

"Asante kwa kuzima, mwenzangu. Madereva wa siku hizi wanatupigia honi."

"Ni wajibu. Poleni sana. Ni nani aliyetangulia?"

"Mdogo wangu. Alikuwa wa mashine ya kusaga, pale kijijini. Miaka yote kwenye dizeli." Akalitazama lori, akatabasamu kwa machovu. "Kwa huyu ungeiacha tu ingurume. Kelele ya dizeli ndiyo iliyokuwa inamlaza usingizi. Mkewe alikuwa anasema mashine ikizimwa ndipo anaamka."

Mama mmoja mfupi, amejifunga kanga kiunoni, akasikia. Akasema bila kusimama, "Sasa ameshazima, ole wetu marehemu akiamka!" Wenzake wakamzomea kwa sauti ya chini, huku mabega yao yanacheka. Mzee naye akacheka mpaka akajifuta macho. Wakaenda zao.

Mimi sikucheka. Binti yangu pia hakucheka.

Nilipowasha, injini ilishika. Lakini badala ya mluzi ukatoka mkwaruzo, chuma kwa chuma, na nyuma ukatoka moshi wa bluu, moshi wa oili. Wale wa mkia wa msafara wakageuka kuangalia. Nikazima tena, safari hii bila kukatazwa.

Binti akafungua boneti. Akasubiri pakapoa, akavua mpira wa hewa, akaingiza vidole viwili na kuitikisa ile feni. Ikacheza kama jino la mtoto. Akaangalia oili, akaongeza lita moja. Akafunga. Aliponyoosha mgongo akasema, "Itatufikisha, tukiibembeleza. Nipe nafasi."

Nikahamia upande wa kushoto. Sijui kama mtu mwingine anaweza kuelewa. Kile kiti cha kushoto sikuwahi kukikalia tangu nilinunue lori. Nilikuta kina spring iliyotokeza inayochoma paja, na abiria wangu wote wa miaka ile hakuna aliyeniambia.

Akaendesha kwa gia ndogo, mguu mwepesi, mshale hakuuruhusu kupita mia nne. Baiskeli zilizobeba mkaa zilitupita. Vijana waliozipanda walinichungulia, wakamwona mwanamke kwenye usukani na mzee pembeni, wakapiga kengele.

Njiani alisema jambo moja tu. "Watu wangepita, baba. Ungesimama mbali kidogo, ukashuka, ukavua kofia, ikaendelea kunguruma. Nani angekulaumu?"

"Mimi ningejilaumu."

Akalikwepa shimo moja. Baadaye akasema, "Haya. Hilo nimelielewa."

Kesho yake asubuhi aliishusha tabo, akaifungulia mezani uani. Nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, nikamwangalia. Alipoutoa mhimili ulikuwa mweusi, umeshikwa na masizi magumu kama ukoko wa ugali chini ya sufuria. Akachukua kisu akaanza kukwangua. Ukatoka utando mmoja. Chini yake mwingine. Chini yake mwingine tena.

Akaacha kukwangua. Akaugeuza mhimili kwenye mwanga.

"Baba," akasema bila kuniangalia, "tulisema injini. Injini ni nzima, nimepima mgandamizo, pistoni zote ziko vizuri. Tabo ni tabo. Nitatafuta nyingine. Na pale ulizima kwa ajili ya msiba, siyo kwa ajili yako. Kwa hiyo sharti liko palepale, hujashuka."

Alikuwa ananifungulia mlango. Mtoto wangu, mwenye cheti na mikono mizito, alikuwa anauona ukoko ule una tabaka ngapi, na anajua kwamba jeneza moja haliachi tabaka zote zile. Alijua. Alikuwa anasubiri nipite mlangoni tu, tufunge maneno.

Nikafikiria kupita. Nasema kweli, nilifikiria. Marehemu wa watu, wa mashine ya kusaga, angebeba mzigo huo na asingelalamika.

Nikamwambia, "Hiyo siyo ya siku moja."

Akaniangalia.

"Tangu msimu uanze nazima nikifika tu. Mshale uko mia tatu, mia tatu na nusu, nazima. Siwezi kukaa. Mgongo unaniua, mguu unakufa ganzi, na mkojo, mwanangu, siku hizi mkojo hausubiri dakika tano. Nikifika nataka kushuka tu. Nazima, nashuka. Na pale mpandoni nilikataa tatu kwa sababu nilitaka kukushinda. Msiba ulinikuta nimeshaichoma."

Ilikuwa mara ya kwanza kumtajia mtu habari za mkojo wangu. Nilihisi nimevua shati sokoni.

Hakusema "nilikwambia." Angesema, ningepata nafasi ya kukasirika. Alifuta kisu kwenye kitambaa, akasema, "Kwa nini hukuniambia mgongo?"

"Ningekwambia ungesema nishuke."

"Ndiyo. Ningesema." Akakiweka kisu chini. "Kesho twende hospitali ya Kitete wakuangalie huo mkojo. Usibishe."

"Sibishi."

Nikaingia ndani, nikatoa ufunguo mfukoni. Una kamba ya ngozi niliyoisuka mwenyewe, imekuwa nyeusi kwa jasho langu. Nikauweka mezani kati ya vile vyuma. Hakuuchukua mbele yangu. Nilipotoka msalani haukuwepo.

Sasa ni miezi kadhaa. Tabo nyingine imefungwa, imetumika, lakini nzima. Geji haikung'olewa. Naenda naye safari moja moja, zile ambazo mgongo unaniruhusu. Ile spring ya kiti cha kushoto ameirudisha ndani na kukishona kiti. Kwenye mpando ule anarudisha gia ya tatu mapema, hata kabla ya mchanga kuisha, na lori linapanda kwa sauti ya juu, jepesi, mshale mia tano na sitini hauongezeki. Mara ya kwanza niligeuza uso dirishani. Halafu nikazoea, kama nilivyozoea mengine.

Juzi tulifika Tabora jioni, tuna mzigo wa mpunga. Akasimamisha lori langoni mwa godauni, akavuta breki ya mkono, akaegemea usukani kwa viwiko. Injini ikawa inanguruma taratibu. Mimi nilikuwa nimebanwa, nimeshika mpini wa mlango.

"Unaweza kushuka, baba. Mimi ndiye ninayesubiri."

"Nitakaa."

"Haya, nisomee. Mimi macho yamejaa vumbi."

Macho yake yalikuwa mazima. Nikaiangalia geji, nikamsomea.

"Mia mbili na sabini."

"Mm."

"Mia mbili na thelathini." Mguu umekufa ganzi. "Mia mbili na kumi. Mia mbili. Zima."

"Nilisema chini ya mia mbili."

Tukakaa.

"Mia moja na tisini," nikasema.

Akazima.